Mapigo Sitini

Habari za kifo cha Mwalimu Byamungu zilinifikia kwa ujumbe wa simu nikiwa mbele ya darasa, ninawafundisha wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza namna ya kuhesabu pumzi za mtoto. Nilisoma ujumbe, nikaweka simu mezani, nikaendelea na somo mpaka mwisho bila kuruka hata neno moja. Ndivyo nilivyo. Watu huona utulivu, lakini si utulivu. Kwa miaka kumi na moja nimefundisha au kufanya kazi ile ile ya kuhesabu pumzi huku nikisubiri mtu aniguse begani, na siku ile niliona kama mkono umefika.

Kesho yake nilikwenda Ujiji msibani. Sebule ya Mwalimu ilikuwa imetolewa viti na kutandikwa mikeka, na kinanda chake kimesukumwa ukutani, kimefunikwa kitenge. Kwenye msumari karibu na dirisha bado lilining'inia chubwi, ile risasi ya kuzamishia nyavu, kwenye uzi mrefu wa mvuvi. Nilikwepa kuliangalia. Uani kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya nyimbo za maziko, na aliyesimama mbele yao, akikata hewa kwa mkono wa kulia, alikuwa Odetha. Hatukuwa tumeonana tangu tukiwa chuoni, ingawa yeye anakaa Mwandiga na mimi mjini, mwendo ambao mtu anaweza kwenda na kurudi kabla maharage hayajaiva. Nilijua anakokaa. Kila nilipopita Mwandiga nilikuwa ninainamia simu.

Alinipa pole, nami nikampa pole. Alinipa mkono wenye unga wa muhogo, akaufuta kwenye khanga. Kisha akasema kwamba mpiga kinanda wao ana homa. "Utapiga wewe," alisema, na akawageukia waimbaji kabla sijajibu. Niliketi kwenye kinanda cha marehemu, nikaondoa kitenge, na mara nikawa nimerudi mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Chuo chetu kilikuwa juu ya kilima, ziwa likionekana kutoka kila dirisha, na kilikuwa na milango miwili. Mlango wa kulia ulikuwa wa uuguzi. Mlango wa kushoto ulikuwa wa muziki, kozi ndogo ya walimu wa kwaya na wapiga vyombo, wanafunzi wasiozidi ishirini. Katikati lilikuwa bwalo, na bwaloni ndiko pande zote mbili zilikokutana kwa ugali, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku njema samaki, migebuka ya kukaanga. Wa muziki walituita watu wa sindano. Sisi tuliwaita watu wa do-re-mi, tukawaambia kwamba mgonjwa hajawahi kupona kwa solfa. Wao walijibu kwamba hata hivyo sisi tunaowachoma wagonjwa ndio tunaowapelekea wao kazi ya kuimba makaburini. Utani ule ulirudiwa kila siku na kila siku tulicheka. Leo nikiukumbuka sicheki.

Mimi nilikuwa wa mlango wa kulia, lakini Jumamosi niliingia wa kushoto. Kinanda nilijifundisha mwenyewe, kwenye chombo kikuukuu cha kanisani chenye vibonye viwili vilivyokufa, hivyo nilitunga njia zangu za kuvikwepa, na baadaye hata nilipopata kinanda kizima vidole viliendelea kuruka pale pale. Sikuwa na wa kunisahihisha. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hujui usichokijua, na kwa hofu ya kuumbuka unafanya kila unachokijua kiwe kamili. Niliandika madaftari yangu mara mbili, ya kwanza ya darasani na ya pili ya kuonyesha. Sare yangu niliipiga pasi hata upande wa ndani. Nikikosea herufi nilichana ukurasa mzima. Odetha, tuliyekaa naye chumba kimoja, vitanda viwili na dirisha moja lenye wavu uliotoboka, alikuwa akisema kwamba Yusta hata akikoroma anakoroma kwa nota. Wazazi wake walitoka Burundi zamani wakatulia huku. Akichoka au akiogopa, badala ya "ndiyo" alisema "ego", kisha akajisahihisha haraka. Alikuwa mzuri darasani kuliko alivyodhani. Kila jioni alikuwa akiniletea majibu yake niyalinganishe na yangu. Yakitofautiana, alichukua kalamu na kubadilisha ya kwake kabla sijasema neno. Nilimwacha. Nilipenda.

Kwenye uuguzi kuna desturi moja ambayo nitaieleza hapa, kwa sababu kila kitu kilichofuata kimeshikana nayo. Ukikosea kwenye karatasi ya vipimo ya mgonjwa, hufuti na hubandiki. Unakata kosa kwa mstari mmoja tu ulionyooka, namba ya zamani iendelee kusomeka, unaandika mpya kando, na unaweka herufi mbili za jina lako. Tulifundishwa hivyo wiki ya kwanza. Nilijivunia kwamba katika karatasi zangu hapakuwa na mstari hata mmoja.

Mwalimu Byamungu alivuka ziwa akiwa kijana, kutoka upande wa Kongo, na Kiswahili chake hakikuwahi kuhama. Alituita wote "mtoto". Tangu Jumamosi ya kwanza aliniambia neno moja: ninakimbiza. Nilianza wimbo vizuri na kufikia ubeti wa pili waimbaji walikuwa wanahema. Nilimwonyesha kwamba sijakosa nota hata moja. Akasema, "Nota haina neno, mtoto. Muda ndiyo unakula." Sikumwamini. Kwaya nzima ilikuwa ikinifuata bila kulalamika, na nilihesabu jambo hilo kuwa ushahidi wangu. Halikunijia wazo kwamba watu unaowaongoza wanaweza kukimbia pamoja nawe kwa heshima tu.

Mwezi wa tisa tulianza mazoezi ya wodini, na mwezi huo huo saa yangu iliharibika. Ilikuwa saa ya kubandika kifuani, kama wanazovaa wauguzi. Mishale miwili mikubwa iliendelea kutembea, lakini ule mwembamba wa sekunde ulisimama kwenye nne na haukuondoka tena. Simu haziruhusiwi wodini, na saa ya ukutani ilikuwa imekufa kabla hatujafika. Odetha alikuwa na saa nzuri ya mkononi na aliniambia tupokezane. Nilikataa. Wiki mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimewasema wenzangu bwaloni, mbele ya watu wa do-re-mi, kwamba muuguzi asiye na saa ni sawa na fundi cherehani asiye na sindano. Ningeanzaje kuazima? Kwa hiyo nilitunga kipande cha muziki. Kilikuwa na mapigo sitini kamili, vipimo kumi na tano vya mapigo manne manne, kila pigo sekunde moja, nami nilikipiga kichwani huku macho yangu yakiwa kwenye kifua cha mgonjwa na vidole vikihesabu pumzi. Kilipoisha, dakika ilikuwa imeisha. Nilikijaribu siku nyingi na nikakiona ni kizuri mno. Naandika haya nikijua yanasomeka kama wazimu. Wakati ule niliona ni ufundi, na kwa siri niliona kwamba hakuna mwanafunzi mwingine chuoni, wa mlango wowote, ambaye angeweza.

Lameki aliletwa siku ya Alhamisi. Alikuwa na miezi kumi na minne. Mama yake alitoka naye Mwamgongo kwa boti, amemfunga mgongoni kwa khanga mbili kwa sababu ya upepo. Alikuwa na homa na kikohozi. Tabibu alimpima, akamwanzishia dawa, na juu ya karatasi yake akaacha agizo kwa herufi kubwa: pumzi zikifika arobaini kwa dakika, niitwe mara moja. Kwa mtoto wa umri ule arobaini ndiyo mpaka. Chini yake unasubiri dawa ifanye kazi. Ikifika hapo, mapafu yanaomba msaada.

Ijumaa saa kumi na moja jioni ilikuwa zamu yangu kumpima. Nakumbuka mwanga ulivyokuwa wa manjano kwenye shuka, na harufu ya uji ulioungua kutoka jikoni, na mwanamke wa kitanda cha pili akimsimulia jirani yake habari za shemeji yake aliyeuza nyavu za watu. Nilikuwa na wasiwasi siku ile, kwa sababu mkufunzi alikuwa akipita vitandani na sikujua atafika kwangu lini. Nilianzisha kipande changu. Kifua cha Lameki kilipanda na kushuka. Kipande kilipoisha, vidole vyangu vilikuwa vimehesabu thelathini na saba. Niliandika 37 kwa mwandiko wangu mzuri.

Mama yake alikuwa ananiangalia. Alikuwa mwanamke mdogo, pengine umri wangu. Kiswahili alikizungumza polepole, akipita kwanza kwenye Kiha. "Sista," alisema, "huyu anapumua kama mtu kapanda mlima."

Nilimwonyesha karatasi. Sijui kama alijua kusoma, sikumuuliza. "Mama," nilimwambia, "nimehesabu."

Akavuta khanga akamfunika mtoto. Ni neno lenye nguvu sana hilo. Muuguzi wa usiku alikuwa mmoja kwa wodi mbili. Alisoma namba yangu, akaona mtoto kalala, akapita. Hayo niliyajua baadaye.

Jumamosi asubuhi Odetha alikuwa na zamu na mimi nilikuwa na somo la muziki. Tulikunywa chai pamoja bwaloni, chai na mihogo ya kuchemsha, na alinitania kwamba leo nisiwaue watu wa kwaya kwa mbio. Alinifunga kamba ya kiatu iliyofunguka kwa sababu mikono yangu ilikuwa na vitabu. Kisha akaenda kulia na mimi nikaenda kushoto.

Siku ile Mwalimu alikuwa ametundika kitu kipya kwenye boriti ya darasa: risasi ya nyavu kwenye uzi wa karibu mita moja. Alituambia kwamba ameirefusha na kuifupisha kwa siku tatu, akiwa na saa mkononi, mpaka kila chubwi lilipopita katikati ikawa sekunde moja. Hakuwa na kipima mwendo cha dukani na hakuona sababu ya kukisubiri. Aliniita mbele. Akaniambia nigeuke, nitazame ukuta, nihesabu kwa sauti mpaka sitini kwa mwendo wa sekunde, na darasa lihesabu chubwi kimyakimya. Nilifurahi. Hatimaye, niliwaza, atanyamaza. Nilifumba macho na kukipiga kipande changu kichwani, nikitoa namba moja kwa kila pigo, sawasawa, bila kuyumba. Nilipotamka sitini, nilifumbua macho nikageuka.

"Ngapi?" Mwalimu aliwauliza.

"Arobaini na sita," walisema, karibu wote kwa pamoja, na mmoja wa nyuma akacheka.

Nilitaka kubisha. Nikafungua mdomo, na ndipo nilipokiona kifua cha Lameki kikipanda na kushuka kwenye mwanga ule wa manjano. Sekunde arobaini na sita. Dakika yangu haikuwa dakika. Mwalimu aliniangalia, tabasamu likamwisha, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo, nikatoka, vitabu nikaviacha.

Njia kutoka chuoni hadi hospitali ni ya kuteremka, vumbi jekundu na mawe, na nilikimbia yote. Odetha alikuwa ameshamaliza zamu na ameenda kufua. Karatasi ya Lameki ilikuwa miguuni pa kitanda. Chini ya 37 yangu, kwenye mstari wa saa moja asubuhi, palikuwa na mwandiko wa Odetha. Ilikuwa 48. Ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na kando yake ameandika 38, na herufi mbili za jina lake.

Nilisimama pale nikiwa nimeishika karatasi, nami nilielewa kila kitu kwa mara moja, kama ninavyokielewa leo. Alihesabu sawa. Alikuwa na saa. Aliona namba yangu juu ya yake, na akafanya alichofanya kila jioni chumbani kwetu.

Niliazima saa ya mhudumu wa usafi. Pumzi zilikuwa hamsini na nne, na chini ya mbavu ngozi ilikuwa inavutwa ndani. Mama yake alikuwa ameacha kusema. Nilimwita tabibu, akaja mbio, oksijeni ikaletwa, dawa zikabadilishwa. Alitazama karatasi, thelathini na saba, thelathini na nane, hamsini na nne, akasema, "Amebadilika ghafla." Kisha akanigeukia akaniambia nimefanya vema kurudi kumwangalia mtoto siku isiyo ya zamu yangu. Hapo palikuwa na nafasi ya sentensi moja. Naijua sentensi yenyewe, ina maneno matano: "Jana nilihesabu vibaya, bila saa." Nimeitamka mara nyingi tangu siku hiyo, jikoni, bafuni, njiani. Siku ile nilisema, "Asante, Daktari."

Lameki alifariki Jumatatu mchana. Tulikuwa bwaloni, ugali na dagaa, na mwanafunzi aliyetoka wodini aliingia akaketi mezani kwetu bila kuchukua sahani. Aliongea chini chini. Odetha aliacha tonge mkononi, halafu akalirudisha sahanini polepole, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Sijui kama saa zile kumi na tisa kati ya hesabu yangu na kuitwa kwa tabibu zingemwokoa. Madaktari niliowauliza baadaye, kwa kujifanya ninauliza jambo la jumla, wengine walisema ndiyo na wengine walisema pengine. Hakuna aliyesema hapana.

Siku ya Jumatano tuliitwa, mimi na Odetha, kwenye ofisi ya sista mkuu wa wodi. Odetha aliingia kwanza. Mimi niliketi kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la vioo vya vipande ambalo halikufungika vizuri, na nilisikia yote. Sista hakupaza sauti. Alimuuliza alihesabu ngapi.

"Arobaini na nane."

"Kwa saa?"

"Ego. Ndiyo, Sista. Kwa saa."

"Mbona umekata, ukaandika thelathini na nane?"

Nilisikia mtu akisukuma kitoroli cha dawa mahali mbali, gurudumu moja likilia.

"Niliona ya Yusta," Odetha alisema.

"Yusta alihesabu jioni. Wewe umehesabu asubuhi. Ni mtoto yule yule, siyo pumzi zile zile."

"Ndiyo, Sista. Lakini mtoto nilimwona jioni pia, nilipita. Alikuwa anapumua hivyo hivyo. Nikajua nimekosea mimi. Yusta hakosei."

Kisha niliitwa mimi. Odetha alibaki amesimama pembeni, mikono nyuma. Sista aliniuliza kama Ijumaa nilihesabu kwa dakika nzima. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilitumia saa. Saa yangu ilikuwa hapo kifuani, mbele ya macho yake, mishale miwili ikitembea vizuri kabisa, na ule wa tatu umesimama kwenye nne. Angeinama kidogo tu angeuona. Odetha aliuona. Alikuwa karibu yangu na macho yake yalishuka pale kifuani, yakakaa hapo kidogo, yakarudi sakafuni.

"Ndiyo, Sista," nilisema. "Kwa saa."

Sista alisema basi ni wazi mtoto alizidiwa usiku, na mwanafunzi wa asubuhi aliona ukweli na akaukata kwa mkono wake mwenyewe. Odetha hakubisha. Kabla ya mwisho wa mwezi aliondolewa kwenye uuguzi. Siku aliyohama chumba, nilikaa maktaba tangu asubuhi nisimwone. Niliporudi kitanda chake kilikuwa godoro tupu, na juu ya mto wangu palikuwa na ile saa yake ya mkononi, na kipande cha karatasi: "Mimi sitaihitaji tena. Ya kwako imekufa." Sikujua kama ni zawadi au ni hukumu. Niliifunga kwenye kopo la sabuni, na imekaa humo tangu wakati huo. Nimeibadilisha betri kila iliposimama, lakini sijawahi kuivaa.

Hakurudi kwao. Mwalimu Byamungu alimchukua akamwingiza mlango wa kushoto, na yeye ambaye hakujua kusoma nota akaanza mwanzo. Mimi sikwenda tena Jumamosi, wala mtihani wa muziki sikufanya. Nilikutana na Mwalimu mara kadhaa bwaloni, naye alinisalimia kwa upole, akaniuliza masomo. Hakuniambia tena kwamba ninakimbiza. Nilijua kwamba anajua, na nilimaliza mwaka ule nikilala macho nusu wazi, nikisikia hatua za watu koridoni na kuwaza kwamba hizi sasa zinakuja kwangu. Hazikuja. Nilihitimu nikiwa wa kwanza. Miaka minne baadaye nikaombwa kuwa mkufunzi, kwa sababu, barua ilisema, ya umakini wangu.

Tulimzika Mwalimu saa tisa alasiri. Nilipiga kinanda, Odetha akaongoza. Katika wimbo wa mwisho niliona mkono wake ukishuka nyuma ya pigo langu, kidogo tu, na tena, ukinivuta kama mtu anayevuta kamba ya mbuzi. Nilijitahidi. Waimbaji walinitazama mimi badala yake na wakaenda nami.

Baada ya chakula nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda mbele ya beseni la vyombo. Nilichukua kitambaa, nikaketi, nikaanza kufuta sahani alizokuwa anazisuuza. Kisha nikaitamka ile sentensi ya maneno matano. Aliendelea kusugua.

"Najua," alisema.

"Tangu siku ile ofisini?"

"Siku ile niliona tu saa bado imesimama. Nilijua umedanganya, sikujua umekosea. Mwalimu ndiye aliyenieleza baadaye, alipokuwa ananifundisha mwendo. Akaniambia mwenzako alihesabu sitini, chubwi likapita mara arobaini na sita." Alitoa mkono majini, akaandika kwa kidole kilicholowa kwenye ukingo wa kigoda. "Nikapiga hesabu. Thelathini na saba yako, ukiipeleka kwenye dakika nzima, ni arobaini na nane. Ile ile yangu. Mwaka mzima nilikuwa sijalia, Yusta. Siku ile ndiyo nililia, maana nilikuwa nimehesabu sawa."

Nilimuuliza kwa nini hakuja kwangu, kwa nini hakurudi kwa Sista. Akasema alikuwa ananingoja mimi. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja alikokuwa akikaa. Nilitaka aseme kwamba amenisamehe. Nilingoja, na sahani zikaisha. Alichosema ni kuniuliza ninafundisha nini siku hizi. Nikamwambia uuguzi, mwaka wa kwanza.

"Wanakuamini?"

"Sana."

"Ego," alisema, na safari hii hakujisahihisha. "Hapo ndipo pa kuogopa." Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na lile chubwi kwenye uzi wake, akaniwekea mkononi. Alikuwa ameshawaomba wenye nyumba.

Jumatatu nililining'iniza kwenye boriti ya darasa langu. Niliwaambia wanafunzi kwamba kila chubwi likipita katikati ni sekunde moja, kila mtu ahesabu kimyakimya limepita mara ngapi na aandike namba kwenye karatasi, nami nitahesabu kwa sauti mpaka sitini nikiwa nimegeukia ukuta. Sikuwaambia zaidi. Nilikuwa nimekusudia, wakishaniambia nimekosea kwa kiasi gani, niwasimulie habari za Lameki tangu mwanzo hadi mwisho, na jina langu ndani yake. Nilivaa saa ya Odetha. Nilihesabu kwa uangalifu wote niliojaliwa, na nilipotamka sitini niliitazama: sekunde hamsini na moja. Bado ninakimbiza.

Nilikusanya karatasi. Walikuwa thelathini na mmoja. Ya kwanza ilisema sitini. Ya pili sitini. Ya tatu hamsini na tisa. Nilizipitia moja moja, darasa likiniangalia kwa nyuso za watu wanaosubiri kusifiwa, na nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Sitini, sitini, sitini. Karibu na mwisho kulikuwa na karatasi ya msichana wa mstari wa mbele, mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Aliandika 51. Akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, kama tunavyowafundisha, na kando yake akaandika 60, na herufi mbili za jina lake.